Kompyuta Ipi kwa Gemu za Zamani? Ulinganisho Kutoka Arua

Mwalimu mmoja alikuja kibandani kwangu, karibu na paki ya mabasi hapa Arua, akiwa na bahasha ya pesa na swali moja.

"Fundi, nataka kompyuta ya kuchezea zile gemu tulizocheza tukiwa chuo. Watoto wangu wanataka kuziona. Kuna jamaa Kampala ana Core i5 ya kizazi cha sita, anasema ndiyo mpya kuliko zote dukani kwake. Niichukue?"

"Mwalimu, gemu zipi hasa?"

Akanitajia tatu: Prince of Persia ya kwanza, Age of Empires II, na GTA San Andreas. Nikamwambia aiache ile ya kizazi cha sita, atafute ya kizazi cha pili au cha tatu, ambayo ni kuukuu zaidi na bei yake iko chini. Alinitazama kwa muda mrefu. Si yeye peke yake anayeshangaa nikisema hivyo, kwa hiyo nimeona niandike sababu zote, maana swali hili naulizwa karibu kila wiki na jibu lake ni refu mno kwa mtu aliyesimama mlangoni.

Gemu kwanza, mashine baadaye

Watu wengi hununua kompyuta kisha ndipo wanaitafutia gemu. Fanya kinyume chake. Chukua karatasi, andika gemu tano unazozitaka kweli, na kando ya kila moja andika mwaka ilipotoka. Mwaka huo ndio utakaokuchagulia mashine.

Gemu za DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows, yaani za miaka ya 1980 hadi katikati ya miaka ya 1990, zisikusumbue. Karibu zote zinachezeka leo ndani ya DOSBox, programu ya bure iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2002. Inaigiza kompyuta nzima ya siku zile: prosesa, kadi ya picha ya VGA, na kadi ya sauti ya Sound Blaster. Prince of Persia ni ya 1989, Doom ni ya 1993, na zote mbili zinakwenda vizuri humo hata kwenye kompyuta hafifu. Tena DOSBox inakupa kitu ambacho mashine halisi haikupi kwa urahisi. Gemu nyingi za wakati ule zilihesabu mwendo wake kwa kasi ya prosesa, kwa hiyo ukiziwasha kwenye prosesa ya haraka maadui wanakurukia kama nyuki waliochokozwa, na kabla hujagusa kibodi umeshakufa. Ndani ya DOSBox unabonyeza Ctrl na F11 kupunguza kasi, Ctrl na F12 kuiongeza, mpaka mtu wa kwenye skrini atembee kama mtu.

Gemu za PlayStation ya kwanza, Nintendo na Sega nazo ni nyepesi. Emuleta zake, yaani programu zinazoiga mashine hizo, zinakubali karibu kompyuta yoyote ya miaka kumi na tano iliyopita.

Kazi ngumu iko katikati: gemu za Windows zilizotoka kati ya 1996 na 2006 hivi. Hizi ndizo zinazokataa kompyuta mpya, na kila moja ina sababu yake. Baadhi zina programu ya kusakinisha ya biti 16, na Windows yoyote ya biti 64 haiwezi kuifungua kabisa. Baadhi ziliandikwa kwa Glide, lugha ya kadi za Voodoo za kampuni ya 3dfx, ambazo hazitengenezwi tena. Baadhi zilifungwa kwa ulinzi wa diski uitwao SafeDisc. Microsoft iliuzima ulinzi huo kwenye Windows Vista, 7 na 8 kwa sasisho la Septemba 2015, na Windows 10 haikuja nao tangu mwanzo, hivyo diski yako halali uliyoinunua kwa jasho lako inakataliwa kama ya wizi. Nyingine zilitegemea sauti ya pande zote iliyoshughulikiwa na kadi yenyewe, na Windows Vista ilipokuja mwaka 2007 ikaikata njia hiyo. Hata Age of Empires II ya 1999 ukiiweka kwenye Windows 7, mara nyingi nyasi hugeuka zambarau na maji yakawa na madoa mekundu. Kwenye Windows XP, toleo la zamani la 2001, rangi zinakaa mahali pake.

Kwa hiyo ukiona karatasi yako imejaa DOS na PlayStation ya kwanza tu, nunua chochote kinachowaka. Ikiwa ina gemu za Windows za miaka hiyo kumi, endelea kusoma kwa makini, kwa sababu unachotafuta ni kompyuta inayoikubali Windows XP kwa moyo wote.

Mashine ya enzi zenyewe: Pentium III na Pentium 4

Nianze na ile inayovutia zaidi macho. Pentium III yenye Windows 98, kadi ya Voodoo, kadi ya sauti ya Sound Blaster, na skrini ya chogo juu ya meza. Hakuna kinachoishinda kwa uhalisia. Skrini ya chogo haina ukubwa mmoja wa picha inaoupendelea: ukiipa 320 kwa 200 au 1024 kwa 768, zote inazichora kwa ukali ule ule, tofauti na skrini bapa ambayo nje ya ukubwa wake wa asili hutoa picha yenye ukungu. Na mwendo wa kipanya kwenye skrini ile ni laini kiasi kwamba aliyeuzoea huutambua hata akifumbwa macho kisha akafumbuliwa ghafla.

Lakini nitasema wazi: hapa Uganda siipendekezi kwa mtu anayetaka tu kucheza. Kadi za Voodoo hazipatikani kwenye mitumba yetu. Diski zake za IDE, muunganisho wa zamani, zimechoka. Windows 98 yenyewe huanza kusumbua ukizidisha RAM ya megabaiti 512, kwa hiyo hata kuipa nguvu zaidi kunaidhuru mpaka ubadilishe mipangilio. Na kapasita, vile vikopo vidogo vilivyosimama kwenye bodi, kwa mashine nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa za ubora mbaya. Nyingi nimezikuta zimevimba vichwa na kutoa ute wa kahawia.

Kuna jambo jingine ambalo lazima nilieleze. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilinunua Pentium 4 iliyotoka Marekani. Mgongoni, kwenye pawasaplai, kile kisanduku kinachoigawia mashine umeme, kulikuwa na swichi ndogo nyekundu, imesukumwa upande ulioandikwa 115. Aliyeniuzia hakusema kitu na mimi sikuangalia. Nikachomeka kwenye soketi yetu ya volti 240. Ulitoka mlio mmoja mkali, kisha moshi wenye harufu ya samaki aliyeungua sufuriani, na taa ya chumba ikazimika. Mama yangu alikimbilia mlangoni akiita jina langu. Mashine ile haikuwaka tena. Tangu siku hiyo, kabla sijagusa kompyuta yoyote ya zamani, huinama kwanza nyuma yake kutafuta swichi nyekundu. Ikisoma 115, naisukuma hadi 230 kwa ncha ya bisibisi ikiwa haijachomekwa popote. Mashine zilizotoka Uingereza zina nafuu hapa: umeme wao ni wa volti 230 na plagi yao ni ile ile ya miguu mitatu bapa tunayotumia sisi. Zinazopitia Ariwara, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, nyingine huja na plagi ya miguu miwili ya duara. Hiyo haina ubaya, tafuta adapta tu.

Mwenye kupenda ufundi wenyewe, mtu anayefurahia kusafisha kadi kwa kifutio na kuuza usiku mzima wa usingizi kwa draiva moja (programu inayoifanya Windows iielewe kadi), huyo aichukue na atafurahi. Na kwa zile gemu za Glide, ajue kuwa kuna programu za bure kama dgVoodoo na nGlide zinazoifanya kadi ya kisasa ijibu kama Voodoo. Mimi nimecheza kwa njia hiyo na sikuona ninachokikosa isipokuwa ile skrini.

Desktopu ya ofisi ya 2011 na 2012

Hii ndiyo niliyomwambia mwalimu, na ndiyo ninayompa karibu kila anayeniuliza.

Makasha haya meusi umeyaona benki, hospitali na kwenye maabara za shule: Dell OptiPlex 790 na 7010, HP Compaq 8200 na 8300, na ndugu zao wa Lenovo ThinkCentre. Yanakuja kwa makontena kutoka Ulaya, na mengi bado yana stika ya namba ya mali ya ofisi yalikotoka. Ndani yake kuna Core i3 au i5 ya kizazi cha pili au cha tatu. Kutambua kizazi ni rahisi: tazama namba baada ya kistari. i5-2400 inaanza na 2, ni kizazi cha pili, cha mwaka 2011. i5-3470 inaanza na 3, ni kizazi cha tatu, cha mwaka 2012.

Kwa nini hivi viwili hasa? Kwa sababu ndivyo vya mwisho ambavyo Intel ilivitengenezea draiva za picha za Windows XP. Kizazi cha nne kilichotoka 2013 hakina. Umepata basi mashine iliyosimama mlangoni, mguu mmoja ndani ya nyumba ya zamani na mwingine nje. Upande mmoja inaendesha XP bila kunung'unika, upande mwingine ina nguvu za kutosha kuwasha Windows 10 au Linux, kuvinjari intaneti, kuandika mitihani ya shule, na kuziigiza gemu za DOS na PlayStation ya kwanza bila kutoa jasho.

Ile ya kizazi cha sita aliyoonyeshwa mwalimu ni kompyuta nzuri kwa kazi nyingine. Na zitazidi kuwa nyingi, kwa sababu Windows 10 ilimaliza muda wake wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025 na mashine hizo Windows 11 haizitambui rasmi, kwa hiyo maofisi ya Ulaya yanazitoa. Muuzaji atakwambia ni mpya zaidi na hatakuwa amedanganya. Lakini ukiingiza diski ya XP humo, hakuna draiva ya picha, na milango yake ya USB imejengwa kwa mfumo ambao XP haiujui. Kibodi inakufa, kipanya kinakufa, nawe umekaa mbele ya skrini huna la kubonyeza. Nimemwona kijana mmoja akihangaika hivyo siku mbili kabla hajaniletea.

Sasa namna ya kuisimika, maana hapa ndipo wengi hukwama. Ingia kwenye BIOS, menyu ya mipangilio ya mashine yenyewe, kabla ya kuweka XP na utafute mpangilio wa SATA, yaani namna mashine inavyozungumza na diski. Utakuta umewekwa AHCI. Ubadilishe uwe ATA au IDE. Usipofanya hivyo, XP itaanza kujisakinisha vizuri, kisha ghafla skrini inakuwa ya buluu na namba inayoishia na 7B, nawe utadhani diski ni mbovu. Diski ni nzima, XP haijui tu kuisoma kwa mtindo ule.

Mimi huweka diski mbili. XP kwenye diski ya zamani ya gigabaiti 160 au 250, kwa sababu gemu za wakati ule hazihitaji zaidi. Windows 10 au Linux Mint kwenye SSD, diski ya kasi isiyo na kinachozunguka ndani. Asubuhi ya kazi mashine inawaka yenyewe upande wa SSD. Jioni ya gemu unabonyeza F12 kwenye Dell au F9 kwenye HP wakati inaamka, unachagua ile nyingine. Upande wa XP nauacha bila intaneti kabisa. Microsoft iliacha kuulinda mwaka 2014, na gemu zako zote zinaweza kuingia kwa flashi. Ila flashi za huku kwetu zinapita mikono mingi, kwa hiyo ichunguze kwanza upande wa SSD ukitumia antivairasi yenye sasisho, ndipo uihamishie XP. RAM ya gigabaiti nne inatosha. XP ya biti 32 haioni hata hizo nne zote, inaona tatu na kitu.

Kuhusu nguvu ya picha: chipu ya Intel iliyomo ndani ya prosesa hizo inatosha kwa Age of Empires II, Counter-Strike 1.6 na hata San Andreas, ambayo ilipotoka kwa kompyuta mwaka 2005 ilidai prosesa ya gigahezi moja tu, RAM ya megabaiti 256 na kadi ya megabaiti 64. Tahadhari moja ya San Andreas: usizime kikomo cha fremu (idadi ya picha kwa sekunde) kwenye mipangilio yake hata kama mashine yako ina kasi ya ziada. Gemu ile ilitungwa kwa mwendo fulani, na ukiifungulia kamba baadhi ya mambo yanavurugika, kuogelea kwa mfano kunakuwa kazi ngumu.

Gemu za baada ya 2005 zenye picha nzito zitataka kadi. Hapa ndipo ukubwa wa kasha unapoingia. Kasha refu linapokea kadi ya kawaida. Kasha dogo, lile linalolala chini ya skrini, linataka kadi fupi, na pawasaplai yake kwenye OptiPlex 790 ni ya wati 240 tu, tena ina umbo lake la pekee, ikifa hutapata mbadala wowote kwenye rafu ya dukani. GeForce 210 ni hafifu lakini ni ya bei rahisi, inakula umeme kidogo na ina draiva ya XP. GT 730 ni bora kuliko hiyo. GTX 750 Ti ndiyo mfalme wa XP kwa mtu wa kawaida: inakula wati 60 hivi na aina zake nyingi hazihitaji waya wa ziada kutoka kwenye pawasaplai. Hiyo iweke kwenye kasha refu. GT 1030 inauzwa sana na ni nzuri kwa Windows 10, ila haina draiva ya XP, kwa hiyo usiinunue kwa kazi hii.

Ukiweza kuchagua, chukua kasha refu. Linakula nafasi mezani, lakini miaka mitatu baadaye utashukuru.

Na skrini? Acha zile pana. Kwenye mitumba kuna skrini bapa za inchi 17 na 19 za umbo la karibu mraba, 1280 kwa 1024, ambazo watu wanazipita kwa sababu sinema haienei humo. Gemu za zamani zilichorwa kwa umbo linalokaribiana na hilo. Picha inajaa, watu hawanenepi.

Laptopu

Mimi mwenyewe nina desktopu, lakini sitaidharau laptopu, kwa sababu ya neno moja: betri. Kwa miaka mingi West Nile, eneo letu hili, haikuwa kwenye gridi ya taifa. Tulitegemea bwawa dogo la Nyagak na jenereta, na kila aliyekulia hapa anajua maana ya kuwa katikati ya misheni, hujahifadhi, halafu giza. Laptopu yenye betri nzima haijui kama umeme umekatika. Chaja yake inapokea kuanzia volti 100 hadi 240, hivyo umeme ukipungua au ukitoka Marekani au Uingereza, kwake ni sawa.

ThinkPad T420 ya mwaka 2011 ndiyo ningeitafuta. Ni kizazi cha pili, XP ina draiva zake, kibodi yake ni ya kuandikia na kuchezea kwa miaka, na ina mlango wa VGA wa kuunganisha skrini ya nje. Kasoro yake ni skrini pana: kabla ya kucheza ingia kwenye mipangilio ya picha ya Intel uiambie ihifadhi umbo la asili, vinginevyo kila askari wako atakuwa mfupi na mpana. Mpenda umbo la zamani atafute T60 ya 2006, baadhi zina skrini ya karibu mraba.

Ziepuke laptopu za 2007 na 2008 zenye chipu ya picha ya NVIDIA. Kulikuwa na kasoro kwenye namna chipu zile zilivyoungwa, mpaka kampuni yenyewe mwaka 2008 ikatenga zaidi ya dola milioni 150 kwa ajili ya tatizo hilo. Zikipata moto na kupoa mara nyingi, kiungo kinaachia na skrini inajaa mistari. Fundi akikwambia ataichoma kwa hewa ya moto irudi, itarudi kwa wiki chache.

Raspberry Pi na wenzake

Kwa gemu za Nintendo, Sega na PlayStation ya kwanza, Raspberry Pi 4 yenye programu ya RetroPie au Batocera inatosha kabisa, inakaa mfukoni na inakula wati chache kuliko balbu. Lakini prosesa yake ni ya ukoo wa zile za simu, si wa Intel, kwa hiyo gemu za Windows za mwalimu hazikubali humo bila kuzungukazunguka sana. PlayStation 2 haiiwezi. Na kwetu ina adui mmoja: umeme ukikatika inapoandika kwenye kadi ya kumbukumbu, kadi huharibika na kila ulichoweka kimekwenda. Anayeinunua ainunue pamoja na pawabenki inayoweza kuchajiwa huku ikitoa umeme, na awe na nakala ya kadi yake.

Hesabu ya umeme

Hapa mashine hizi zinaachana kabisa. Pentium 4 na skrini ya chogo ya inchi 17 kwa pamoja hufika wati 150 hadi 200. Desktopu ya i5 ikicheza gemu ya zamani haishughuliki sana, pamoja na skrini bapa iweke kwenye wati 75 hivi. Laptopu, 30. Raspberry Pi pamoja na skrini ndogo, kama 25, nyingi zikiliwa na skrini.

Kwa anayetumia Yaka, umeme wa kulipia kabla, tofauti hiyo ataiona kwenye yuniti. Kwa anayetumia sola, ndiyo inayoamua. Betri ya kawaida ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini betri ya maji ukiikamua zaidi ya nusu unaiua mapema, kwa hiyo una 600 za kutumia. Inveta nayo inakula sehemu yake. Pentium 4 itakupa kama saa tatu. Desktopu ya i5, saa sita au saba. Laptopu itakuchezesha mchana kutwa na bado usiku utawasha taa.

Desktopu yoyote utakayochukua, iwekee UPS, betri ya akiba inayoshika umeme ukikatika, hata ndogo. XP ikizimwa ghafla mara nyingi huanza kupoteza mafaili yake, na siku moja haitaamka.

Ukiwa dukani

Sema unataka kuiona ikiwaka kutoka kwenye ubaridi, si ile iliyokwisha kuwashwa kabla hujafika. Fungua kifuniko. Vumbi halinitishi, vumbi jekundu la kiangazi huingia hata kwenye kabati lililofungwa. Ninachotafuta ni kapasita zilizovimba kichwa na feni isiyozunguka kwa uhuru ukiisukuma kwa kidole. Sogeza sikio karibu na diski: mvumo sawa, mgongano wa kurudiarudia kataa. Ikikuuliza tarehe kila ikiwashwa, ni betri ndogo ya CR2032 tu, usiogope, ila itumie kushusha bei. Beba gemu moja kwenye flashi na uiache icheze robo saa. Mashine inayozima kwa joto haitavumilia hiyo robo saa.

Na ukiisafirisha kutoka Kampala kwa basi la usiku, ikifika isiwake, usimpigie muuzaji kwa hasira kabla hujafungua. Njia ni ndefu, mtikisiko hulegeza vitu. Toa RAM, futa meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, irudishe mpaka usikie vikamatio vya pembeni vinagonga. Mara nyingi kazi imekwisha.

Mwalimu alipata OptiPlex 7010 ya kasha refu yenye i5-3470, na skrini ya inchi 19 ya mraba ambayo muuzaji alimwongezea kwa bei ndogo kwa sababu hakuna aliyekuwa akiitaka. Tuliisimika Jumamosi. Binti yake mdogo alikalia stuli yangu, akamwongoza yule mkimbiaji wa Prince of Persia hadi kwenye shimo la kwanza, akaanguka kwenye miba, akageuka kumwangalia baba yake.

"Baba, na wewe ulikuwa unaanguka hapa?"

"Kila siku," akasema, akavuta kiti karibu.